Paini inasingiziwa: kinachoziba bomba la moshi ni maji

Katika nyanda za juu kusini, kuanzia Mafinga hadi Njombe na Makete, majiko mengi ya shule yanapikia kuni, na bomba lake la moshi limetoboa bati. Bomba likishika moto, lawama huwa tayari mdomoni: "Kuni za paini hizo, zina utomvu." Utomvu una makosa yake, ukikosa hewa hutoa masizi ya kutisha. Lakini mlingoti (mkaratusi) mbichi ulioangushwa juzi utaziba bomba mapema kuliko banzi la paini lililokaa juani miezi sita.

Gogo bichi, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Moto unahangaika kwanza kuyachemsha, kuni zinafuka badala ya kuwaka, na moshi unapanda ukiwa umepoa, umebeba mvuke na lami. Ukishuka chini ya nyuzijoto 120 hivi, ile lami inaganda kwenye kuta za bomba, kama mvuke wa wali unavyotona kwenye mfuniko. Hiyo ndiyo kreosoti. Mwanzo ni vumbi jeusi linalofutika kwa kidole. Baadaye inakuwa magamba yanayovunjika ukiyagonga. Mwisho inakuwa lami ngumu inayong'aa kama kioo, na hapo brashi inateleza tu. Yote matatu yanaungua, na yakiungua ndani ya bomba joto linaweza kupita nyuzi 1,000.

Jambo ambalo wauzaji wa majiko hawalisemi kwa sauti: jiko banifu, lile la kuokoa kuni, linahitaji kuni kavu kuliko mafiga. Kazi yake ni kubakiza joto kwenye sufuria, kwa hiyo moshi unaoingia bombani umeshanyang'anywa joto. Ongeza na maharage ya shule. Mpishi anashindilia magogo, anabana tundu la hewa ili yachemke polepole hadi asubuhi, na usiku kucha bomba linapakwa lami. Dawa ni kuni chache zilizopasuliwa unene wa kifundo cha mkono, moto mchangamfu, na kuchochea mara kwa mara. Mpishi atalalamika kwamba anasimamishwa sana, na ana haki. Basi aongezewe msaidizi.

Kuni za msimu wa mvua hukatwa Mei au Juni, si Novemba shule inapokumbuka kwamba imeishiwa. Zipasuliwe mara moja, kwa sababu gogo zima linakauka pole sana likiwa na gome lake. Zipangwe juu ya mbao au matofali, zisiguse ardhi, paa juu na pembeni wazi upepo upite. Zikae miezi 6 kwa uchache, na mlingoti mnene zaidi ya hapo. Shabaha ni unyevu chini ya asilimia 20. Kama huna kipimo, gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia "ko!", kibichi kinatoa mlio wa kufa, na ncha zake hazina nyufa.

Sasa bomba lenyewe. Bado wako mafundi wanaokunja bati la kuezekea, geji 28 au 30, na kuliita bomba la moshi. Zinki yake inayeyuka kwenye nyuzi 420. Chuma kinachobaki ni chembamba, kinatobolewa na kutu ya lami. Kipande cha kwanza kutoka jikoni kiwe cha chuma cha milimita 2 au 3. Kwenye maungio, ncha nyembamba ielekee chini, iingie ndani ya kipande cha chini yake, ili lami inayotiririka irudi jikoni badala ya kuvujia nje. Kila ungio lifungwe skrubu tatu. Elbo, yaani kona za bomba, zisizidi mbili.

Lakini majengo hayaungui kwa sababu ya elbo. Yanaungua pale bomba linapopita kwenye dari na kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Bomba la ngozi moja, yaani la bati tupu lisilo na tabaka la pili, linataka sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote. Nenda kwenye jiko la shule iliyo karibu nawe uone papi, mbao inayopigiliwa bati, ilivyolikumbatia. Fundi akiona pengo analijaza zege, akidhani amelinda mbao, kumbe zege linapitisha joto moja kwa moja. Mbao inayopashwa joto kila siku inageuka taratibu kuwa kama mkaa, na kiwango cha joto kinachotosha kuiwasha kinashuka. Ndiyo maana "miaka yote hiyo halijaleta shida" si ushahidi wa chochote. Kata papi, jenga fremu pana kuzunguka bomba, funika pengo kwa bati bapa. Kulitoa bomba kupitia ukuta wa tofali na kulipandisha nje kunaokoa kenchi, ila bomba la nje linapoa upesi na kuganda lami zaidi, hivyo livikwe kizuia joto kisichoungua. Juu lipite paa kwa sentimita 90, na liwe juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60.

Jiko la kila siku likaguliwe kila mwezi. Kwaruza kwa msumari. Tabaka likifika milimita 3, safisha. Acha jiko lipoe siku nzima, ziba mdomo wake kwa gunia bichi, sukuma brashi ya waya yenye kipenyo cha bomba kutoka juu. Masizi yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, kamwe si mfuko wa saruji, maana kaa moja lililojificha linaishi siku kadhaa. Lami ya kioo usihangaike nayo: badilisha kipande.

Bomba likiwaka utasikia mngurumo kama lori linapanda mlima, litatetemeka, pengine liwe jekundu. Toa watu. Funga mlango wa kuni na tundu la hewa. Sufuria lisiondolewe, kwa sababu shimo lake ni mlango mwingine wa hewa. Mimina mchanga mkavu juu ya kuni. Piga 114, namba ya zimamoto. Usimwage maji ndani ya bomba: mvuke unalipuka na tofali linapasuka. Maji yaende kwenye mbao za paa zilizo karibu. Moto ukizimika, mtu abaki akipapasa dari kwa saa kadhaa, maana kenchi inaweza kufuka ndani kwa ndani hadi usiku. Na bomba lililowahi kuwa jekundu limepinda hata kama macho hayaoni. Chakula cha kesho kipikwe nje kwenye mafiga.