Fort Jesus Yapanda Feri

Walimu wa siku hizi wametuweza wazazi, tusidanganyane. Mimi nilisoma ule mtaala wa zamani wa 8-4-4, mamangu Mungu amrehemu hakuwa anajua hata niko darasa la ngapi, alichojua yeye ni kwamba nimetoka asubuhi nimevaa kaptura na nimerudi jioni bado nimevaa kaptura, basi, masomo yanaendelea vizuri. Ukiambiwa upeleke kitu shule ni fagio, ama mtungi wa maji ya kumwagilia maua ya hedimasta. Sasa tangu 2019 tuko na huu mtaala mpya wa CBC na kwa hesabu zangu anayesoma ni mimi. Nshashona mdoli wa vitambaa. Nshapanda sukuma kwenye gunia nikawa naipiga picha inavyokua. Nshazunguka soko zima la Kongowea natafuta manyoya ya bata, si kuku, bata, mwalimu alisisitiza. Nshaimba wimbo wa taifa nikirekodiwa na mke wangu huku nimejifunga kikoi, na video ikaenda kwenye grupu la wazazi kabla mwenyewe sijaiona.

Na ujumbe hauji mchana ukiwa bado una akili zako. Unakuja saa tatu usiku, umeshakula, umeshanyoosha miguu, unatafuta rimoti. "Wazazi wapendwa, mnakumbushwa kesho ni siku ya kuleta modeli za majengo ya kihistoria ya Mombasa. Mtoto afanye mwenyewe." Mnakumbushwa! Tuliambiwa lini hata tukumbushwe? Nikamuita Swale, nikamuuliza wewe hukusema kitu kwa nini. Swale na miaka yake kumi akanijibu bila wasiwasi, "Nilimwambia mama." Mama Swale kutoka jikoni, "Na mimi nikakwambia wewe, ulikuwa unaangalia mpira." Hapo hakuna rufaa jamani, mwanamume ukishatajiwa mpira umeshafungwa.

Sasa tuelewane, Mombasa majengo ya kihistoria si haba na mengine yana huruma. Kuna zile pembe za ndovu pale Moi Avenue, zilisimamishwa 1952 Elizabeth wa Uingereza akingojewa, pembe ni nini? Unakunja makaratasi magumu, unapaka nyeupe, saa nne umelala. Kuna msikiti wa Mandhry kule Mji wa Kale, mnara wake mmoja tu, unamaliza unaenda zako. Lakini mwanangu alipoulizwa darasani achague alinyoosha mkono akasema Fort Jesus. Fort Jesus, ngome ambayo Mreno aliianza 1593 akaimaliza 1596, miaka mitatu na mafundi na mawe ya matumbawe, mimi nimepewa mpaka alfajiri. Na Mreno mwenyewe hakuiweza peke yake, ramani alichorewa na Mwitaliano. Mimi wangu wa ramani ni mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kututembelea baada ya Idi na hajasema anarudi lini na mimi sijauliza, mimi si mwendawazimu. Akaketi pale kwenye mkeka na uradi wake mkononi akaniambia, "Mwanangu, Fort Jesus ni mtu amelala chali. Fanya kichwa, mikono na miguu, basi." Na ni kweli, ukiitazama kwa juu ndivyo ilivyo. Nikapasua boksi la sabuni nililoombea dukani, nikakata, nikakunja, jasho linanitoka na hapo tuko mwezi wa pili, joto la Mombasa mnalijua, feni inapuliza uvuguvugu. Mama Swale akapita akasimama akainamisha shingo. "Baba Swale, huyu mtu wako mbona ana miguu mitatu?"

Gundi hakuna, maduka yamefungwa, nikapika uji wa ngano mzito ndio ukawa gundi. Rangi hakuna, nikachukua bizari ya manjano nikachanganya na majani ya chai yaliyochemka na hapo lazima nijisifu maana hakuna mwengine atakayenisifu: ukuta ulitoka na rangi ile ile, ule unjano uliochakaa kwa jua na chumvi, mpaka mama mkwe aliacha uradi kidogo akasema mashallah. Ila harufu ilikuwa ya mchuzi. Mizinga nikatumia vifuniko vya kalamu. Nilipofika kwenye mnara wa pembeni stima zikapotea, nikashika simu kwa meno ile tochi iangaze, nikaendelea. Na mwenye mradi je? Mtoto afanye mwenyewe? Mwenyewe alikuwa amelala mdomo wazi, mguu mmoja juu ya tumbo la dadake.

Alafu saa nane usiku, mikono yote imejaa uji wa ngano, nikasikia mfereji unakohoa. Wenye kukaa Shika Adabu, huku kwetu Likoni ng'ambo ya feri, mnaelewa ninachosema. Mombasa yote maji tunangoja yatoke mbali, ya Mzima, ya Baricho, ya Marere, ya Tiwi, na popote yanapotoka sijui yanashauriana na nani njiani maana hayajawahi kufika kwangu saa nne asubuhi hata siku moja. Mfereji ukikohoa hulali. Ukilala kesho ni mkokoteni, na bei ya mtungi anaipanga mwenye mkokoteni kwa kuangalia uso wako. Basi ikawa jaza mtungi, rudi ubandike ukuta, jaza pipa, rudi ubandike ukuta, Mama Swale anashika beseni mimi nashika mnara, hatusemi kitu, tumeshazoea, hii ndiyo ndoa yenyewe.

Asubuhi jeshi la kwanza kuiteka ngome walikuwa sisimizi. Unga wa ngano, wangeuachaje? Nikawapuliza, nikawapangusa na kanga ya mtu ambayo sitaitaja. Watoto wanagombania hamri la mwisho, mbaazi zimemwagikia shati jeupe, kiatu cha Mwanaidi kimoja hakionekani na kimekuja kuonekana chini ya pipa kimejaa maji, haya yote ni ya kawaida tupite.

Dereva wa tuktuk alituangalia akasema watu wawili na mzigo. Nikamwambia si mzigo huo ni mradi wa shule. Akasema, "Umekalia siti ya mtu?" Nikasema umekalia. "Basi ni mtu." Nikalipia Fort Jesus nauli.

Sasa feri. Najua kuna njia ya Dongo Kundu siku hizi, msiniambie, hiyo ni ya wenye magari, sisi wa miguu kivuko ni bure na cha bure asubuhi ya Jumatatu hakibebi mtu mmoja mmoja. Mlango ukafunguliwa umati ukateremka, nami nimejitwika ngome kichwani, Swale mbele anapiga kelele "samahani, samahani" na mkoba unagonga watu magoti. Tukaingia. Nikajibana ubavuni mwa lori, nikaishusha taratibu nikaikumbatia.

Jirani yangu alikuwa mzee wa kofia ya vito na bakora. Akaitazama kwa muda. "Kijana, hii nini?"

"Fort Jesus, mzee."

Akaizunguka na pale hapakuwa na nafasi ya kuzunguka, lakini akaizunguka, watu walimpisha. Akagusa na ncha ya bakora. "Lango halikai hapa."

Nikamwambia mzee nimeangalia picha. Akasema picha gani, "Babangu alilala humu. Mwingereza aliigeuza jela, mpaka 1958 jela ilikuwa hapa hapa, sisi watoto tulikuwa tunaletwa na mama tunasimama nje. Mimi unanifundisha lango?"

Ikawa ndiyo mwanzo. Wapwani tupe chombo kimoja, wasafiri mia kadhaa na jambo la kubishania uone. Mama mmoja na karai la viazi akasema mbona inanukia mchuzi. Fundi mmoja, mwiko umechomoza kwenye gunia lake, akabonyeza ukuta akasema huu hauna msingi, mvua ya kwanza umekwenda. Kijana wa masikioni waya akatoa upande mmoja akauliza bei gani. Mwengine akasema hii si Fort Jesus hii ni stendi ya matatu, watu wakamkemea kwa hasira, kwa muda mfupi nikapata mawakili nisiowajua. Mzee anaeleza mahali wafungwa walipokuwa wanaota jua, fundi anaeleza saruji na Swale ananiangalia mimi na yale macho ya "baba tulia". Nilitulia. Nilifurahi hata, nisiwafiche, toka lini mtu ameangalia kazi ya mikono yangu kwa dakika tatu mfululizo?

Nyuma yangu kulikuwa na jamaa wa baiskeli na tenga la samaki. Sikumuona. Feri ikagusa upande wa kisiwani ikatikisika ule mtikisiko wake wa siku zote, baiskeli ikaegama, tenga likainama na maji ya barafu na damu ya samaki yakaja yote juu ya mnara wa pembeni, ule niliobandika na simu mdomoni. Boksi la sabuni na maji mnajua. Haukuanguka mara moja, ungeanguka mara moja ningeshukuru. Ulilegea, ukainama kidogo kidogo, ukalala juu ya ukuta, na mizinga miwili ikadondoka ikabingirika mpaka chini ya lori.

Mawakili wangu wote kimya. Mzee akasema inna lillahi.

Jamaa wa samaki alitaka kulia yeye, nikaona nikimgombeza nitakuwa na watu wawili wa kubembeleza. Nikajitwika tena. Hapo sasa yule fundi akatangulia mbele ameinua mwiko juu, akapaaza sauti, "Pisheni! Pisheni! Fort Jesus inashuka!" Na watu wakapisha. Nimezaliwa Likoni, nimevuka pale na homa, na godoro, na bibi harusi, sijawahi kupishwa. Pikipiki zilisimama. Mkokoteni wa madafu ulirudi nyuma. Nilipanda ule mteremko wa feri shingo imenyooka, maji ya samaki yananitiririka mgongoni.

Shuleni nilikuta mambo. Mtoto afanye mwenyewe, eti. Kulikuwa na Fort Jesus nyingine ya mbao imepigwa vanishi, ina taa zinawaka na bendera inapepea kwa betri, na seremala wake alikuwa bado yuko getini anangoja kulipwa. Nikaweka yetu mezani pembeni yake. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mwalimu, feri, samaki, stima, maji, hali ya uchumi.

Mwalimu akafika na daftari lake. Akainama. "Swale, mbona mnara umeanguka?"

Nikafungua mdomo. Swale akaniwahi. "Mwalimu, hii ni ya 1698. Waomani wameizingira tangu 1696, sasa ndiyo wameshaingia."

Mwalimu akagusa ukuta, kidole kikatoka kimelowa. "Na haya maji?"

"Bahari."

"Na hii harufu ya samaki?"

"Si bahari, mwalimu?"

Nilitazama dari. Mwalimu alijikaza, akageuka upande, mabega yanatikisika, aliporudi akaandika kwenye daftari na mimi nikachungulia: amezidisha matarajio, ndiyo alama ya juu kabisa ya CBC. Ile ya vanishi na taa ilipata amefikia matarajio na mwenye nayo aliniangalia kwa jicho la pembeni ambalo nitalikumbuka nikiwa na shida. Seremala getini nilimpa pole.

Nikarudi nimevimba kichwa. Nilivuka feri nikitafuta mtu wa kumweleza, hakuna aliyekuwa na muda. Nyumbani nikakuta habari zimenitangulia, Mama Swale yuko kwenye simu na dadake wa Malindi, "Swale wetu bwana, ana akili huyu, katoa kwa mjomba wake," na mama mkwe anaitikia kwamba ramani alichora yeye. Mimi nilisalimiwa nikaulizwa kama nimepita na mkate.

Usiku kikaletwa chakula. Wali wa nazi, sawa, mchicha, sawa, mchuzi wa samaki. Nikafunua bakuli, mchuzi mweupe. Nikaukoroga labda rangi imekaa chini. Mweupe. Nikauliza kwa upole tu, maana mama mkwe alikuwa hapo, "Mama Swale, huu mchuzi umesahau bizari?"

Hata hakuinua kichwa. "Bizari imezidisha matarajio, iko shuleni. Kula."