Chuo au bando: kijana anayetaka kazi ya programu aende wapi?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka na dirisha la udahili likifunguliwa, ubishi huu hurudi. Wapo wanaosema miaka mitatu au minne ya shahada ya kompyuta ni kupoteza muda, kwa kuwa kila kinachofundishwa kipo YouTube. Wengine wanajibu kwa swali: bila cheti, nani atakuajiri? Wote wana hoja, ila naona wote wanaliruka jambo lenyewe linaloamua.

Tuanze na cheti. Fungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma la nafasi ya Afisa TEHAMA. Shahada inayotakiwa imetajwa, na chini kuna onyo kwamba hati za matokeo hazitakubaliwa, wanataka cheti chenyewe. Kijana aliyejifundisha mwenyewe anaweza kuwa amejenga mfumo mzuri kuliko unaotumika kwenye halmashauri hiyohiyo, na bado hataitwa kwenye usaili. Kwa anayelenga serikalini, basi, mjadala umekwisha: aende chuo.

Kwa sekta binafsi tunapenda kutajiana Google na IBM, kwamba kwa nafasi nyingi ziliondoa sharti la shahada. Ni kweli. Lakini Februari 2024 Harvard Business School na Burning Glass Institute walitoa utafiti kuhusu Marekani, wakiangalia kilichofuata baada ya makampuni kuondoa sharti hilo. Waligundua kwamba mabadiliko hayo yamemnufaisha chini ya mtu mmoja kati ya kila waajiriwa 700. Tangazo lilibadilika, anayechambua maombi akabaki na mazoea yake. Walau Ulaya wamegusa sheria yenyewe: kanuni za mwaka 2021 za Blue Card (kibali cha Umoja wa Ulaya cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu kutoka nje), ambazo Ujerumani ilianza kuzitumia Novemba 2023, zinamruhusu mtaalamu wa TEHAMA asiye na shahada kuomba kibali kwa uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita. Uzoefu unaothibitika, lakini, na huo nao unaanzia mahali ambapo mtu alikubali kukuajiri.

Upande wa chuo nako si salama kama wazazi wanavyodhani. Mtihani wa programu unajibiwa kwa kalamu juu ya karatasi, darasa lina mamia, na mhadhiri mmoja hawezi kusoma kazi ya kila mtu mstari kwa mstari. Mwanafunzi anapata B+ ya hifadhidata huku hajawahi kupandisha mfumo wowote kwenye seva. Git, chombo cha kutunza kila badiliko la programu, anakutana nayo fildi, kama hiyo fildi haikuishia kwenye kubadilisha wino wa printa na kutoa kopi. Halafu anahitimu na deni la Bodi ya Mikopo, ambalo akiajiriwa litakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Hata hivyo kuna kitu kwenye yale masomo yanayochosha. Chukua kijana aliyejifunza kwa video, ametengeneza programu ya kikundi cha VICOBA. Kwenye hifadhidata ameweka safu ya salio iwe ya aina ya FLOAT, yaani namba za desimali ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio, kwa sababu aliyemfundisha kwenye video aliweka hivyo. Amejaribu kwa shilingi elfu tano, elfu hamsini, inakubali. Tatizo ni kwamba FLOAT ya biti 32 hushika namba nzima bila kukosea hadi 16,777,216 tu. Ukiipa 16,777,217, inakurudishia 16,777,216. Mfuko ukivuka milioni 34, inahesabu kwa kuruka shilingi nne nne. Marejesho ya mkopo yakigawanywa kwa miezi mitatu na kutoa tarakimu kama 36,667, kila yanapoingia salio linapunjwa au kuongezewa kidogo. Siku ya kuvunja kikundi, simu inasema hivi na daftari la mweka hazina linasema vile, na unajua atakayenyooshewa kidole si FLOAT.

Namna kompyuta inavyohifadhi namba ni somo la mapema kabisa chuoni, lile ambalo wengi hulala. Anayejifundisha mwenyewe angeweza kulisoma bure jioni moja. Ila huwezi kutafuta usichojua kama kipo, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mtaala: mtu mwingine amekupangia mambo ambayo usingeyauliza.

Sasa tazama kosa hilohilo kwa jicho jingine. Mwandishi wa programu mwenye uzoefu angelipitia jedwali lile na kuliona kwa dakika moja. Somo lipo kila mahali: CS50, kozi ya Harvard ya utangulizi wa kompyuta, inapatikana mtandaoni bure, na freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza programu bure, ipo tangu 2014. Kinachokosekana ni mtu wa kusoma kazi yako na kukwambia umekosea. Chuoni huyo mtu ana wanafunzi mamia, na chumbani kwako hayupo kabisa.

Andela, kampuni iliyoandaa vijana wa Afrika kuwafanyia kazi za programu wateja wa nje, walilielewa hili. Walianza Lagos mwaka 2014, Nairobi mwaka uliofuata, wakichukua vijana kwa kuwapima uwezo badala ya kuangalia vyeti na kuwalipa huku wakijifunza. Septemba 2019 wakawaachisha kazi takriban vijana 400 wa ngazi za chini Nigeria, Kenya na Uganda, kwa maelezo kwamba wateja wanataka wenye uzoefu. Kiti cha kukosolewa huku unalipwa ni adimu, na tangu ChatGPT ije Novemba 2022 hata zile kazi ndogondogo alizokuwa akipewa mgeni zinaelekea kwa mashine.

Kuna gharama nyingine haitajwi. Kujifundisha si bure: kuna laptopu, bando, umeme, na mtu wa kukulisha. Mwenye bumu ana walau kitu cha kula, na nyumbani wanasema kwa fahari "yuko chuo." Anayeshinda ndani na kompyuta, baada ya miezi sita tu ameshageuzwa wa kutumwa dukani. Akiwa binti, ni jikoni kwanza.

Kwa hiyo mwenye nafasi na mkopo mkononi, namshauri aende, lakini ifikapo mwaka wa pili awe na mtu nje ya darasa anayepitia kazi zake. Aliyekosa asidharau stashahada, kama za Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), kwa sababu zinaanzia kidato cha nne na mlango wa shahada unabaki wazi baadaye. Na anayejifundisha aingie mapema kwenye miradi ya programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kupendekeza mabadiliko, ambako mtu asiyemjua wala kumwonea haya atakataa mabadiliko yake na kueleza kwa nini. Mabadiliko yaliyokubaliwa hubaki hadharani na tarehe zake, na huo ni ushahidi ambao mwajiri anaweza kuukagua mwenyewe.

Serikali nayo ina la kufanya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunzia mtaani, waashi na mafundi magari, na kuwapa cheti bila kuwarudisha darasani. Mwandishi wa programu akipimwa kwa vitendo namna hiyo, na Sekretarieti ya Ajira ikakikubali cheti chake, angalau yule kijana wa mfumo wa halmashauri ataitwa kwenye usaili.