Rozen Maiden sio hadithi ya midoli kupigana tu

Mwandishi, kwenye makala yako umesema Rozen Maiden ni katuni ya midoli kupigana, basi. Hapana jamani, hapo hujaitendea haki. Ni kweli midoli hao wako saba na baba yao Rozen, yule aliyewatengeneza, kawaachia mchezo wa Alice, yani anayekusanya Rosa Mystica za wenzie wote, ambayo ndo roho yenyewe ya mdoli, anakuwa Alice msichana aliyekamilika na ndo anaruhusiwa kumuona baba. Sasa fikiria, ndugu saba kila mmoja anamlilia baba yuleyule na njia waliyopewa ni kutoana roho! Hiyo ndo inaniumiza mimi, sio mapigano.

Halafu Jun, yule kijana kwenye hadithi, umempita kama hayupo. Huyu dogo kaacha shule kajifungia chumbani, anaishi na dada yake Nori, mara analetewa mdoli kwenye sanduku, anautia ufunguo kama saa ya zamani, unaamka na kitu cha kwanza unamzaba kofi. Ndo Shinku huyo, anamwita mtumishi wake na kumwagiza chai. Ila kwa kubishana vile kila siku, mtoto anaanza kurudi kwenye maisha taratibu, na Shinku naye anakataa kushinda kwa kuwaua dada zake.

Na Suigintou, mwingine kati ya wale midoli saba, msimwite shetani tafadhali, angalieni anavyohangaika kwa ajili ya Megu, yule binti mgonjwa wa moyo aliyelazwa hospitali. Mimi nililia pale.