Kivuli cha Wajapani kilianzia kwenye paa

Kila ninapoona picha ya nyumba ya kale ya Kijapani mtandaoni, chini yake pameandikwa utulivu, falsafa, roho. Sawa, lakini kabla ya falsafa kulikuwa na mvua.

Kuta za udongo, nguzo za mbao, milango ya karatasi: hakuna hata kimoja hapo kinachopatana na maji. Kwa hiyo seremala alirefusha upenu ukapita ukuta kwa mbali, na kwa kufanya hivyo akalizuia na jua la kiangazi lisiingie. Mwanga ukabaki na njia moja, ya chini. Unapiga kwanza changarawe nyeupe za uani, unaruka juu, unapita baraza la mbao liitwalo engawa, kisha unajichuja kwenye karatasi ya ile milango, iitwayo shoji. Ukifika kwenye mikeka ya tatami umekwisha makali. Ndiyo maana naamini viwambo vyao vilivyopakwa dhahabu havikuwa vya kujishaua: ndani kabisa ya chumba, dhahabu ilidaka kale kamwanga kaliosalia. Vipeleke makumbusho, chini ya taa kali, vinaonekana kama mapambo ya harusi.

Chumba cha chai cha Taian, kinachohusishwa na Sen no Rikyu, gwiji wa sherehe ya chai wa karne ya 16, ni habari nyingine. Mikeka miwili tu, na madirisha madogo ya karatasi. Mvua haikudai giza kiasi kile. Hapo mtu alikipenda kivuli, akakitafuta.

Tadao Ando, msanifu majengo wa zama zetu, naye akauacha upenu kabisa. Kanisa lake la Nuru, lililokamilika mwaka 1989 huko Ibaraki, Osaka, ni sanduku la zege lenye ukuta uliopasuliwa umbo la msalaba nyuma ya madhabahu. Ndani ni giza, na msalaba wenyewe ni mwanga. Ando alitaka mpasuo ule ubaki wazi, upepo uingie pamoja na nuru. Waumini wakasema baridi itawaua, kioo kikawekwa. Bondia huyo wa zamani, aliyejifunza usanifu mwenyewe, hajakubali yaishe: amesema mara nyingi kwamba angependa kukiondoa.

Mimi niko na waumini. Mwaka 2017 Ando alijenga nakala ya kanisa hilo kwenye maonyesho yake Tokyo, safari hii bila kioo, na watu wakaisifu sana. Lakini mgeni wa maonyesho anapiga picha na kuondoka. Muumini anakaa ibada nzima, hata Januari, ambayo kule ni baridi kali.