Makro Isiyojua Kugoma

Makro nyingi za Excel (maagizo yaliyoandikwa ili kazi ijifanye yenyewe) nilizorithi kazini zina tabia moja: hazigomi. Unabonyeza kitufe, kioo kinapepesa, ripoti hiyo hapo. Faili la mwezi huu likija na safu iliyopungua, ripoti inatoka vilevile, ina rangi zake na jumla yake chini. Fungua msimbo, utakutana na On Error Resume Next pale juu kabisa, maana yake kosa likitokea tulipite tu. Mstari huo ukikaa juu ya makro nzima, mimi naufuta kabla sijasoma mengine.

Chukua faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) la michango ya SACCOS, tarehe zimeandikwa kwa desturi yetu, siku kwanza. Ukilifungua kwa mkono, Excel inafuata mipangilio ya kompyuta yako, mambo shwari. Lifungue ndani ya makro kwa Workbooks.Open, na VBA, lugha ya kuandikia makro, inazisoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza. Tarehe 3/4/2024 inageuka 4 Machi. 25/4/2024 inashindikana, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi inabaki maandishi matupu. Kwa hiyo siku 12 za mwanzo wa Aprili zinatawanyika miezi mingine (4/4 peke yake inasalimika), na zilizobaki fomula ya kujumlisha kwa mwezi inaziruka. Hakuna kosa lililotokea, hakuna onyo. Dawa ni kuongeza Local:=True kwenye Workbooks.Open, ili ifuate mipangilio ya kompyuta yako, lakini nani ataitafuta dawa wakati hajaambiwa kuna ugonjwa? Na hapo sijagusa namba za simu zinazopoteza sifuri ya mbele, kisha mwanachama haonekani kwenye daftari.

Mafunzo mengi ya makro husifia kasi: zima ScreenUpdating (kioo kisichorwe upya kila hatua), pakia data yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo badala ya kusoma seli mojamoja. Sawa, nafanya hivyo pia. Ila kasi bila ukaguzi ni kukosea haraka zaidi, tena makro ikishabadilisha seli huna Ctrl+Z ya kukuokoa.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Hesabu mistari iliyoingia na iliyotoka, linganisha jumla ya fedha, hakikisha vichwa vya safu ni vilevile; kimoja kikitofautiana, simama na useme ni mstari gani. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya umma ya England ilikiri kwamba wagonjwa 15,841 wa COVID-19 walikuwa wameachwa nje ya takwimu za kila siku, kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili za .xls, ambazo zinaishia mistari 65,536. Kuhesabu tu kungetosha kuliona hilo siku ya kwanza.

Bosi atalalamika kwamba makro yako inagoma kila mwisho wa mwezi. Mpelekee orodha ya mistari iliyoigomesha, aamue yeye ipi irudishwe kwa karani.