Vua, Mwanangu, Vua!

Msomaji akumbuke tangu mwanzo kwamba mimi ni mtu wa ofisini, tena ofisi yenye feni mbili, na kwamba hadi nilipofikisha umri wa miaka 36 baridi kali kuliko zote niliyokuwa nikiijua ni ile ya maji ya mtungi. Kwa hiyo mjomba wangu wa Tumbe, kaskazini mwa Pemba, aliponipigia simu mwezi wa Julai akaniambia kwamba ikiwa bado nataka kwenda naye kuvua usiku, kama nilivyokuwa nikimsumbua tangu Ramadhani, basi nije wiki ile, lakini nichukue nguo ya kutia joto isiyopitisha maji, maneno hayo machache yalinikosesha usingizi siku tatu.

Siku tatu hizo nilizitumia kusoma kwenye simu. Nilisoma habari za wavuvi wa Norwei, wale wa visiwa vya Lofoten ambao msimu wao mkubwa ni kuanzia Januari hadi Aprili, na kutoka kwao nikajifunza kwamba mtu wa baharini havai nguo moja bali huvaa tatu. Ya ndani kabisa isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho na maji kisha hukaa nayo mwilini. Ya kati iwe ya sufu, ambayo hata ikilowa haiachi kabisa kutia joto. Na ya juu iwe ya kuzuia upepo na maji, yenye mishono iliyozibwa kwa utepe upande wa ndani, kwani kitambaa kinaweza kuwa hakipitishi hata tone na bado maji yakaingia kwa matundu ya sindano. Nilijifunza pia kwamba ukiona lebo imeandikwa 5,000, maana yake ni kuwa kitambaa hicho kinahimili nguzo ya maji yenye urefu wa milimita 5,000, yaani mita 5, kabla hakijaanza kuvuja.

Ushauri huo ulikuwa sahihi kila neno. Ubaya ni kwamba niliupokea kama karani anavyoupokea waraka kutoka juu: niliusoma, niliuhifadhi, na nilipofika sokoni Darajani, hapa Unguja, nikafanya nilivyotaka.

Pale kwenye mitumba palikuwa na kijana ambaye ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki mwavuli. Nilipomwambia naenda kuvua Pemba usiku, hakusema kitu. Aliinama chini ya meza, akatoa koti jeusi lililotuna kila mahali kama godoro lililokunjwa mikono, akaniwekea mabegani. Ndani lilikuwa limejazwa manyoya laini ya bata, yale ya kifuani, na lebo yake kweli ilisoma 5,000. “Bosi,” akaniambia, “mwenye koti hili alikuwa anapanda milima ya theluji.” Sikumuuliza kama alishuka salama. Nilijitazama kwenye kioo, nikamwona mtu mwenye mabega ambayo Mwenyezi Mungu hakunijaalia, nikajiuliza kwa nini nihangaike kununua nguo tatu ilhali hili moja lina unene wa nguo saba. Mishono yake, ambayo ilipita kila baada ya vidole vinne kuanzia shingoni hadi kiunoni, niliiona, tena niliisifu kwamba imenyooka.

Aliposikia nimekubali shilingi 35,000 bila kelele nyingi, akaniongezea suruali ya mpira ambayo huanza na viatu vyake vilivyoungana nayo, ikapanda hadi kifuani na kushikwa mabegani kwa kanda mbili, ya wale watu wa nchi za baridi wanaovua wakiwa wamesimama katikati ya mto. Nayo nikaichukua. Mtu akishaanza kuharibikiwa, haharibikiwi nusu.

Safari ya boti hadi Wete na daladala hadi Konde sina la kuisimulia, isipokuwa kwamba koti halikuingia kwenye mkoba, likasafiri mapajani mwangu, na kondakta akataka kulitoza nauli.

Mjomba alinipokea kwa furaha, nikamwamkia, akaitikia, kisha akalitazama koti kwa muda mrefu kama anayetazama mgonjwa. Nikaona bora nimweleze kitaalamu. Nikamwonyesha lebo, nikamfahamisha habari ya nguzo ya maji na zile mita 5. Akanisikiliza hadi mwisho, akahesabu kwa vidole.

“Mita tano ni pima tatu kasoro,” akasema. “Sasa tunakokwenda leo tunateremsha mshipi pima ishirini na zaidi. Na huko mbele kwenye mkondo, baina yetu na Tanga, wanasema kina kinafika mita mia nane. Litatosha kweli?”

Mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania au la, kwa sababu mjomba akitania uso wake unazidi heshima.

Suruali ya mpira, hata hivyo, hakuitania. Alinikataza kupanda nayo chomboni, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya nahodha. Alinieleza kuwa mtu akianguka baharini na vazi la namna ile, maji huingia kwa juu yakajaa miguuni, na hata akiwa hodari wa kuogelea hataweza kupanda chomboni wala kulivua kwa haraka. Nikaivua, nikaiacha ufukweni karibu na magogo ya kupandishia vyombo, na kwa ugumu wa mpira wake ikabaki imesimama yenyewe gizani, kifua mbele.

Nguo za mjomba mwenyewe nilizipuuza wakati ule, na ni haki nizieleze sasa. Ndani alivaa fulana nyembamba ya mpira wa miguu, ile ya nailoni. Juu yake sweta la sufu lililotoboka viwiko. Juu ya yote koti la mvua la plastiki nzito, pana, lenye kofia yake, ambalo viraka vyake vilikuwa vimegandishwa kwa gundi wala havikushonwa. Vifundoni mwa mikono alikuwa amefunga vipande vya mpira wa baiskeli, ili akiinua mikono kuvuta mshipi maji yasimteremkie hadi kwapani. Chini alivaa kaptura na miguu mitupu, kwa hoja kwamba ngozi hukauka upesi kuliko suruali. Kwa maneno mengine, huyu mzee ambaye hajawahi kusikia habari za Lofoten alikuwa amevaa waraka wangu wote, kifungu kwa kifungu, na mimi niliyeusoma nilikuwa nimevaa godoro.

Tulikuwa watu wanne: mjomba, vijana wake wawili na mimi. Adui wa kwanza hakuwa baridi bali joto. Kuisukuma mashua hadi majini ni kazi ya jasho hata kwa aliye kifua wazi, na mimi, kwa kuona haya kulivua koti nililolisifu, niliisukuma nikiwa nimelifunga zipu hadi kidevuni. Tulipowasha mashine na kutoka, fulana yangu ya pamba ilikuwa ikikamulika. Nililowa kwa ndani kabla bahari haijapata zamu yake.

Zamu ilifika tulipovuka mwamba. Asiyepata kuwa nje usiku wakati wa kipupwe hudhani kisiwa chetu hakina baridi, na kipimajoto kitamuunga mkono, kwa sababu nyuzi 22 si baridi ya kuandikia habari. Lakini kusi likivuma juu ya mtu aliyelowa, hizo nyuzi 22 humpita bila kusimama. Tulitia nanga, omo, yaani mbele ya chombo, ikaelekea upepo, na mimi kwa kuwa mgeni nikakalishwa huko huko omo, ambako kila wimbi lililogonga chombo lilinirushia kiasi chake usoni. Kisha likaja wingu la mchoo, likatunyeshea kama robo saa.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile mishono. Kitambaa, nashuhudia, hakikupitisha hata tone. Maji yaliingia kwa matundu ya sindano, mstari kwa mstari, kwa utaratibu mzuri kabisa, na yakifika ndani yakakutana na manyoya. Sasa, manyoya ya bata yakiwa makavu hutuna na kushika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayomtia mtu joto. Yakilowa hushikamana yakawa vibonge kama ugali ulioshindikana, na hewa yote ikaondoka. Bata mwenyewe ana mafuta yake ya kujipaka juu na ana manyoya mengine ya nje ya kumkinga. Mimi nilikuwa nimenunua nusu ya bata. Koti likashuka unene, likapanda uzito, na vibonge vyote vikateremka kiunoni, nikawa nimevaa kitambaa chembamba kifuani na mkanda wa matope tumboni.

Katika hali hiyo kijana mmoja akarusha mshipi. Nilikuwa nimenyoosha mkono kujishika ukingoni, meno yakigongana, na ndoana yake ikapita kwenye mkono wa koti. Yeye, akihisi uzito, akadhani chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, limenasa, akavuta kwa nguvu. Kitambaa kikapasuka kuanzia kiwiko hadi bega, sehemu moja ambayo, kwa bahati yangu, ilikuwa bado kavu.

Kwanza ulitoka unyoya mmoja. Niliuona vizuri kwa mwanga wa taa ya betri: mweupe, mdogo kama ukucha wa mtoto, ukasita kidogo mbele ya pua yangu kana kwamba unauliza njia. Kisha kusi likaingia ndani ya mpasuko, na yaliyobaki yote yakatoka kwa pamoja.

Mimi nilikuwa omo, upepo ukinipiga mbele. Nyuma yangu walikuwa vijana wawili, ndoo ya chambo, beseni la samaki, na tezi, nyuma kabisa ya chombo, mjomba. Nikasikia sauti yake ikipambana na upepo: “Vua! Vua!” Nikafahamu kwamba samaki wamekuja na mimi nimezubaa, nikashika mshipi wangu kwa mikono miwili iliyokufa ganzi, nikaanza kuuteremsha na kuupandisha kwa bidii ambayo sijapata kuionyesha ofisini. Kila nilipoinua mkono, mpasuko ukafunguka zaidi na manyoya yakatoka kama yanayopulizwa kwa pampu. “Vua, mwanangu, vua!” mjomba akapaza sauti, na mimi, nikiguswa na kuitwa mwanangu katika saa ngumu kama ile, nikaongeza kasi. “Navua, mjomba!” nikamjibu. “Huvui!” “Wallahi navua!” Tuliendelea hivyo hadi kijana wa karibu, nyusi nyeupe kama za mzee wa miaka 90, akanishika bega akaniambia kwa adabu, baada ya kutema, “Koti, kaka. Anasema vua koti.”

Nikalivua. Wakanivisha polo, yaani gunia, la plastiki lililokatwa matundu matatu, la kichwa na mikono, wakanipa upo wa kuchotea maji na kuniamuru nifue maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya chombo. Nafufua mambo haya yote bila kuona haya isipokuwa hili moja: lile gunia lilizuia upepo, kufua maji kukanipasha mwili, na katika dakika 20 nilikuwa na joto kuliko wakati wowote usiku ule.

Tulirudi alfajiri na changu 31 na chewa mmoja mkubwa. Ute wa samaki na manyoya ya bata, kama hukujaliwa kujua, ni kama gundi na karatasi. Tulijaribu kuwaosha baharini, manyoya yakazidi kulala vizuri, yakifuata magamba. Chewa alikuwa na unyoya mmoja umesimama juu ya jicho, jambo lililompa sura ya mtu anayeshangaa bei.

Tumbe, wanaojua wanajua, ni soko kubwa la samaki, na mnada wake hauhitaji mtu akuvunjie heshima, wenyewe unajitosheleza. Dalali alimwinua changu wetu wa kwanza kwa mkia, akamgeuza huku na huku, akanyamaza. Kunyamaza kwa dalali ni tukio. “Yakhe,” mtu akauliza kutoka nyuma, “hawa mmewavua au mmewafuga?” Mama mmoja mchuuzi akasogea, akamchomoa manyoya mawili, akayapuliza, akasema yeye hununua wa kienyeji tu, hawa wanaonekana wa kisasa. Bei ilianza elfu ishirini kwa fungu ambalo siku nyingine lingeanza elfu thelathini, na mjomba akaipokea kwa uso wake wa heshima kuliko kawaida.

Nilipokwenda kuichukua suruali ya mpira nikakuta imegeuzwa, mgongo mbele. Mzee mmoja aliyekuwa akienda msikitini kuswali alfajiri, nikaambiwa, aliitolea salamu mara mbili, na kwa kutojibiwa akaondoka akinung'unika kuhusu adabu za wageni kutoka mjini.

Mwezi wa Agosti mjomba alikuja Unguja kwa shughuli zake, akasema kabla hajarudi atanichagulia nguo mwenyewe. Nikampeleka kwa yule yule kijana. Mjomba hakutazama lebo hata moja. Alichukua koti la mvua la rangi ya machungwa, pana, la watu wa barabarani, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya kila mshono kama anayetafuta mwiba, akaweka mdomo kwenye kitambaa akapuliza hadi mashavu yakajaa, kisha akaomba kikombe cha maji, akayamimina ndani ya mkono wa koti aliofunga mwisho wake, akaushika juu, akatuacha sote tunangoja. Wateja watatu walikusanyika. Hakikutoka kitu. Akachukua na sweta la sufu ambalo nisingelivaa hata kufulia, akalipa shilingi 18,000 kwa vyote viwili.

Kijana, akiona fedha zimetoka kirahisi, akainama chini ya meza na kuibuka na koti lingine jeusi, limetuna, la manyoya, pacha wa lile langu. “Na hili, mzee,” akasema, “kwa baridi kali?”

Mjomba akalipokea kwa mikono miwili. Akalibonyeza taratibu kifuani, akalibonyeza kiunoni, akaliinua akatazama chini yake, kisha akamuuliza kijana kwa upole:

“Limeshataga?”