Volkano ya kwenye tuta la kabichi

Kwanza tusawazishe: sikuwa uchi. Yule rafiki yangu aliyewahi kuwatumia habari asubuhi, eti nimeikimbia volkano uchi na godoro kichwani, kasahau kusema kwamba nilivaa kikwembe (kitenge) cha mke wangu, na kilikaa vizuri tu hadi godoro liliponikwamia mlangoni.

Mnajua sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Baada ya ile volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021, moshi ukitoka ardhini huulizi. Na ulikuwa unatoka! Saa kumi na mbili asubuhi, baridi, mvua imeacha kunyesha sasa hivi, na pale kwenye tuta la kabichi, ubavuni mwa ukuta wa mawe ya lava, mvuke mweupe unapanda. Unasita. Unapanda tena. Nikasogea hatua moja. Nikanyoosha kiganja. Kikapokea joto. Nikakizamisha hadi kwenye vifundo, nikakichomoa mbio, nikapiga ile kelele mliyoisikia hadi mtaa wa Ndosho. (Wanaosema nililia kama mbuzi: mbuzi mwenyewe alikuwepo, na alinyamaza.)

Avenyu nzima ikawa nje na mabeseni kichwani. Mimi godoro huku, kikwembe kule. Akaja bibi jirani, aliyekimbia ya 1977 na ya 2002, pole pole na fimbo yake. Akatia mkono kwenye "volkano", akatoa fumba la matete yaliyolowa, akanusa, akamtazama mbuzi ambaye tayari anatafuna, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni.

"Baba Neema, hii lava njo mbuzi anakula?"

Wenye bustani, msicheke kabla hamjajua kilichopika. Chukudu nzima (ile skuta yetu ya mbao ya mizigo) ya matete mabichi, yamerundikwa hadi mapajani, yamekanyagwa yashikane, mvua ikamalizia. Vijidudu hula ubichi ule na kutoa joto. Likikosa pa kutokea, ndani ya rundo hupita hata nyuzi 60. Ukitandaza kwa wembamba, joto linapotea bila mtu kubeba godoro. Matandazo ya nyasi, yaani nyasi za kufunika udongo, hukatwa kabla hazijatoa mbegu (la sivyo unapanda magugu), yanaanikwa siku mbili tatu hadi yakwaruze mkononi, ndipo yanalazwa sentimita 5 hadi 8, huku ukiacha upana wa kiganja kuzunguka shina ili lisioze. Miche midogo, punguza hadi 3. Na udongo uwe umelowa kwanza, maana tandazo kavu juu ya udongo mkavu huzuia hata manyunyu kufika chini. Hapa kwetu udongo ni ukucha tu juu ya mwamba, maji hayakai; bila tandazo, Julai inakumaliza.

Kabichi zangu? Zimeiva kabla ya kufunga vichwa, zimebaki kudai chumvi. Kikwembe nimelipa. Matete yako juu ya mawe yanakauka. Aliye na maganda makavu ya maharagwe aniandikie, tuta liko wazi. Picha ya godoro, tafadhali, ifuteni.